Dekoda Niliyoichagua Matangani

Haya niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Kama ningekuwa natunga, niamini, ningejipa nafasi ya mtu mzuri. Humu hiyo nafasi sina. Mke wangu hajui hata nusu ya nitakayokueleza, na nikimaliza utaelewa kwa nini.

Mimi nauza mafuta kwenye kituo cha petroli hapa Kisumu, zamu ya jioni, na naishi Manyatta. Zamu ya jioni ina ubaya wake: televisheni unaisikia kwa watu. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilikuwa na tamthilia yangu ya saa moja na nusu. Cheka tu, nimezoea. Nilikuwa nikirudi usiku namwomba mke wangu anisimulie, naye alikuwa akinisimulia vibaya makusudi: yule mwanamke amelia, halafu yule mwingine pia akalia, basi, kula chakula.

Nikaanza kutafuta kifaa cha kurekodi. Kila nilipopata siku ya mapumziko nilienda mjini kwenye duka la Bwana Salim, nashika hii, nageuza ile, naondoka mikono mitupu. Bwana Salim ni mzee mpole asiyechoka na wateja wasionunua.

"Sikiza, Bwana," aliniambia. "Hii ndogo unachomeka flashi. Ni rahisi, lakini ikirekodi chaneli moja huwezi angalia ingine. Hii kubwa iko na memori yake ndani. Unaipanga wiki mzima, wewe uko kazi, yenyewe inakuwekea. Lakini ujue kitu moja. Chenye imeshika kinabaki humo humo. Huwezi kitoa upeleke kwa TV ingine. Imefungwa."

Niliitaka hiyo kubwa. Uwezo wake sikuwa nao, na ile ndogo niliidharau. Miezi ikapita nikiwa bado nachagua.

Halafu Owino akafariki. Owino alikuwa mtoto wa baba yangu mkubwa, mfugaji wa samaki kwenye vizimba vya ziwani, upande wa Bondo. Aliugua ghafla, akalazwa, hakurudi nyumbani akiwa hai. Tulilia, tukamzika vizuri.

Kwetu, mazishi yakishapita, wanaume wa ukoo huketi na kugawana vitu vidogo vya marehemu, ili kila mmoja awe na cha kumkumbukia. Kaka yake alichukua koti. Mwingine akachukua viatu, mwingine saa ya mkononi. Zamu yangu ilipofika, mzee aliyekuwa akigawa akaniuliza, "Na wewe, nyathiwa, mtoto wetu, unataka gani?"

Nikasema dekoda. Dekoda si nguo ya marehemu, ni kitu cha nyumba, na nyumba ilikuwa na mjane na mtoto. Lakini nilikuwa nimeiona tangu usiku wa mkesha, ile kubwa, aina ileile ya dukani kwa Bwana Salim. Nikasema Owino ndiye aliyeinunua na ndiye aliyekuwa akiitumia. Nilisema kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Hakuna aliyetaka ugomvi karibu na kaburi bichi, wakanipa.

Mjane wake, Mama Akinyi, alinifuata nje nikiwa naifunga kwa shuka.

"Shem," alisema polepole, "hiyo kitu iko na Owino ndani. Watu wa TV walikuja kumuuliza mambo ya samaki. Siku walionyesha, yeye alikuwa amelazwa. Nikamrekodia aone akirudi. Hakuona. Akinyi hana sauti ya babake mahali pengine."

"Usijali," nikamwambia. "Nitakutolea niiweke kwa flashi, nikuletee."

Nilijua haiwezekani. Bwana Salim alikuwa ameniambia mara ngapi? Nilimwangalia mwanamke mwenye macho yaliyovimba kwa kilio, nikamdanganya, na aliniamini hadi akanisaidia kukunja waya. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Nikaja nayo Manyatta, nikaanza kustarehe. Usiku dekoda inarekodi, asubuhi mke wangu akiwa sokoni mimi nimenyoosha miguu, natazama. Kwenye orodha kipindi cha Owino kilikuwa cha kwanza kabisa, juu. Sikukifungua hata mara moja. Nilihofu kwamba nikimwona nitashindwa kukaa na kitu chake. Mama Akinyi akipiga simu namwambia flashi imesumbua, namwambia fundi amesafiri kwenda Awasi. Alikuwa akinijibu, "Sawa, shem, hakuna haraka."

Wiki ya mwisho ya tamthilia ikafika. Asubuhi moja, kama saa nne hivi, dekoda ikaandika kwamba memori imejaa, nifute kitu. Nilikuwa na vipindi vingapi nilivyokwisha kutazama mara mbili? Vingi. Lakini hivyo nilivipenda. Nikafuta cha Owino. Nilibonyeza rimoti nikiwa nimegeuza uso pembeni, kana kwamba mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

Sikuwa hata nimeiweka rimoti chini mlango ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa Owino.

Nani alikuambia wafu hutoka usiku tu? Jua lilikuwa linawaka. Alikuwa na shati na suruali peke yake. Hakuwa na koti, hakuwa na viatu, hakuwa na saa mkononi. Vile tulivyomgawana, ndivyo alivyokuja. Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Hata mimi najiuliza. Mdomo wangu ulisema karibu kabla akili haijafika, naye akaingia, akaketi kwenye kiti cha karibu na televisheni. Nyumba ikanuka ziwa na chakula cha samaki.

"Niwekee ile yangu," alisema kwa Dholuo, taratibu, kama mgeni anayeomba maji. "Sijawahi kujiona."

Na mimi nikamjibu nini? "Stima ilipotea, ndugu yangu. Ikajifuta yenyewe."

Mtu ametoka kaburini, na bado namdanganya! Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale. Hakukasirika. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni, kisha akainuka.

"Basi irudishe nyumbani," alisema. "Nitaiangalia huko."

Akatoka. Mara nikaitwa na Mama Zainabu, jirani yangu anayekaanga mandazi mlangoni kwake.

"Baba, huyo mgeni yako ametoka miguu tupu na hii jua yote. Hata ndala hukumpa?"

Kwa hiyo usiniambie niliota.

Siku hiyohiyo nikaifunga ile dekoda, nikaomba ruhusa kazini kwa uongo mwingine, nikaenda Bondo. Njiani nilipanga maneno ya kukiri. Nilijua nitamwambia mjane kwamba sauti haipo, na kwamba niliifuta mimi mwenyewe, kwa ajili ya tamthilia. Nilitaka anipige makofi ikibidi. Lakini nilipofika alifurahi mno.

"Umeleta yenyewe! Nilijua shem hawezi nisahau."

"Mama Akinyi, kuna jambo," nilianza. Tayari alikuwa anachomeka waya.

Kipindi kilikuwepo. Juu kabisa, mahali pake.

Nikaliona ziwa, nikaviona vizimba, nikamwona mtangazaji amenyoosha maikrofoni. Amemnyooshea nani? Mahali pa mtu palikuwa maji matupu. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza, akaitikia kwa kichwa kama anayejibiwa, akacheka. Mimi sikusikia neno. Lakini Akinyi, mtoto wa miaka sita, alisogea akapagusa pale palipo patupu kwenye kioo, akisema, "Baba! Ni Baba!" Na mama yake alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

Kilipokwisha akanigeukia. "Shem, umesikia vile amekutaja? Mbele ya Kenya mzima!"

Nikasema nimesikia.

"Na si ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

Tangu siku hiyo uso wa Owino sijauona tena popote. Picha yake ya mazishi iko ukutani kwa kaka yake, na mimi naona karatasi nyeupe. Owino mwenyewe hajarudi, ingawa nimekaa asubuhi nyingi mlango wazi, ndala mpya zikiwa kizingitini.

Wewe unayetafuta kifaa cha kurekodi, nenda dukani ukanunue kidogo unachokimudu. Usichague kwenye nyumba ya msiba. Na kama umeshachukua, na mjane alikuambia mna sauti ndani, rudisha leo, na kabla hujaondoka keti uisikilize. Akinyi ameyashika maneno yote ya babake. Kila nikienda huko hunirukia mapajani na kunirudia kile alichosema juu yangu, neno kwa neno. Naiona midomo yake ikicheza, sisikii chochote, nami humwambia, "Vizuri sana, mama, rudia tena."