Kipande cha Pili cha Doti

Nikilifungua sanduku la marehemu mama, harufu ya udi hunipokea kwanza, kisha karafuu, na chini yake kabisa, ukiwa na pua ya umbea kama yangu, harufu ya mafuta ya mashine. Hiyo ya mwisho inatoka kwenye kipande kimoja cha kanga. Mwenzake wa doti moja hana harufu hiyo. Kanga ni pacha, kila mtu anajua, na pacha mmoja akipotea nyumba haina amani. Yetu ilikosa amani msimu mzima, na ngoja niwasimulie.

Tulikaa Temeke, nyumba ya udongo na makuti, zama za Mwingereza, mimi nikiwa bado natumwa chumvi kwa jirani. Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Alivaa kaptura ya kaki, akapanda baiskeli, akapeleka barua ambazo hakuziandika wala hazikumhusu. Mabwana zake walimwita "boi", ingawa mvi zilikwisha kuanza kumchungulia. Mama alikuwa mwenyeji wa pwani hii tangu mababu, na ulimi wake ulijulikana hadi mitaa ya pili. Alikuwa na kipaji cha kuwabandika watu majina. Jina la mama likikushika, hata mkeo alisahau ulilopewa na wazazi wako.

Palikuwa na dobi mmoja, mtu mzima, aliyetangaza kibarazani kwamba akimaliza pasi zake anakwenda kusoma ili awe karani. Alinunua hata kalamu, akaichomeka mfukoni tuione. Alipofanya mtihani akashindwa, mama, ungo mkononi anapepeta mchele, akamwita Karani Hewa. Mtaa mzima ulicheka. Sisi watoto tukawa tunamwamkia hivyo hivyo, "Shikamoo, Karani Hewa," naye akiitikia marahaba, maana afanyeje? Siku jina lilipozaliwa baba alikuwepo, anaziba pancha. Nakumbuka hakucheka, lakini nani humjali asiyecheka wakati wote wanacheka?

Miezi michache baadaye baba akaanza kuchelewa. Yeye aliyezoea kufika alasiri, muhogo umefungwa nyuma ya baiskeli, sasa adhana ya magharibi ndiyo ilimfikisha mlangoni. Akiulizwa, kazi zimezidi. Mama akaanza upelelezi wake. Akawa analinusa shati kabla ya kulifua. Lilinuka mafuta, si ya nywele wala ya kupikia.

Kisha vikaja vidole. Tukiwa mkekani tunakula, mkono wa kulia wa baba umo sahanini, ule wa kushoto ulichezacheza juu ya paja, kidole kimoja baada ya kingine, na midomo ikamtetemeka kama asomaye dua. Nilipomuuliza alishtuka, akaukalia mkono.

Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa akija kuazima kinu na kukirudisha pamoja na habari. "Mwanamume akicheza vidole peke yake, shoga, moyo wake uko kwa mtu," alimwambia mama.

"Labda ana pepo," mama akajibu, na nadhani alitamani iwe hivyo. Pepo angefukiziwa ubani akaenda zake.

Idi ilipokaribia, mama akafungua sanduku atoe doti aliyonunuliwa na baba Idi iliyopita, nyekundu yenye michoro ya korosho nyeusi, imeandikwa *Nyumba njema si mlango*. Akakuta kipande kimoja. Akatoa nguo zote, akazikung'uta, akanikung'uta na mimi. Cha pili hakikuwepo.

"Kanga haina miguu," alisema Bi Mwanaidi, ambaye hakuna aliyemwita.

Mwanamume kumnunulia mwanamke wa nje kanga mpya ni fedheha, lakini watu huvumilia. Kumpa kipande cha doti ya mkewe ni kumtumia mke salamu kwamba nyumba imekwisha gawanywa. Mama hakulia. Alifunga furushi, akaniambia kwamba kesho, akishaona kwa macho yake, tutahamia kwa kaka yake Msasani, mimi na yeye. Nilimchukia huyo mwanamke nisiyemjua. Nilijiuliza pia nani atampikia baba uji, nikaumia zaidi.

Baiskeli ya baba ilikuwa imeonekana Chang'ombe, kwenye nyumba moja ya bati yenye maua mbele. Habari hizo nazo zililetwa na kinu. Kesho yake alasiri mama akajitanda buibui, akanishika mkono. Mwanamke anayeongozana na mtoto hudhaniwa anakwenda kuhani msiba, hakuna amuulizaye. Njia nzima alikuwa akiyapanga matusi yake kwa sauti ya chini. Mengine niliyahifadhi na yamenifaa ukubwani.

Baiskeli tuliikuta. Ndani mlitoka mlio, tak, tak, tak-tak, kama mtu anayepasua kokwa. Mama, aliyekuwa akinifinya nikiingia kwa watu bila hodi, alisukuma mlango bila hodi.

Palikuwa na wanaume watatu, kila mmoja mezani kwake mbele ya mashine ya taipu, na bibi mmoja wa Kigoa, mjane mwenye miwani, rula mkononi. Baba alikuwa wa mwisho. Mikono yake haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na kanga ya mama, imefungwa juu ya mashine na kushuka hadi kwenye viganja, na chini yake vidole vinakwenda. Wenzake walijifunika mmoja kipande cha gunia, mwingine kanzu kuukuu. Ndivyo bibi yule alivyofundisha: kila mwanafunzi alete kitambaa chake, asizichungulie herufi, mpaka vidole vizijue vyenyewe.

"Wewe mama, kama nataka jifunza, ngoja," alisema bibi bila kugeuka. "Leo mashine yote iko na watu."

Mimi nilicheka kwa furaha. Mwanamke mwenyewe ndiye huyu, na rula yake! Matusi ya mama yalimkauka mdomoni.

Baba akatufuata nje. Alieleza kwamba anataka kufanya mtihani wa karani wa taipu, auache u-boi. Kanga aliichukua kwa sababu ilikuwa chini kabisa ya sanduku, akidhani haitatafutwa.

"Miezi yote hii, Baba Zuhura!" mama alisema. "Mie mkeo. Ungeniambia ningekufanya nini?"

"Niliogopa maneno ya watu."

"Watu gani?"

Baba aliifuta baiskeli mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Kisha akasema, polepole, bila hasira yoyote, "Mama Zuhura, jina la Karani Hewa alilitunga nani?"

Tulirudi Temeke. Furushi lilifunguliwa, nguo zikarudi sandukuni, na mama akalia. Nilidhani analia kwa faraja, maana mke mwenza hakuwepo. Ilinichukua miaka, na ndoa yangu mwenyewe, kujua kwamba mke mwenza mama angemweza. Alikuwa na maneno yake tayari. Hakuwa na neno la kumjibu mume aliyemficha mambo kama mtu anavyomficha hasidi, na aliyekuwa na haki ya kumficha.

Baba alishindwa mtihani mara ya kwanza. Bi Mwanaidi alikuja kuazima kinu, akakaa akingoja mama aseme neno la kuchekesha. Mama alimwambia kinu kina ufa. Mara ya pili baba alifaulu, akapewa meza pembeni na suruali ndefu, na kanga ikarudi nyumbani na harufu yake.

Lakini mimi nakumbuka zaidi asubuhi iliyofuata safari yetu ya Chang'ombe. Dobi alipita na furushi la nguo kichwani, sisi tuko kibarazani. Mama aliuweka ungo chini, akasimama.

"Shikamoo, Mzee Ramadhani."

Yule mzee aligeuka nyuma kutazama nani anaamkiwa. Nami niligeuka, maana nilikuwa sijui kwamba ana jina.