Mtoto wa Kwenye Shuka

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniachia pumzi na kumbukumbu mpaka uzee huu. Namshukuru kwa yote mawili kabla sijasimulia neno.

Wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, alifika hapa Rumonge Mhindi mmoja mwenye mashine ya picha zinazotembea. Alitundika shuka ndani ya ghala la mawese, akaziba madirisha kwa mikeka, na alasiri ile tukajazana humo, mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba. Picha ilitoka Marekani na haikuwa na sauti. Mhindi alizungusha mashine kwa mkono huku akitueleza. Mama mmoja amefukuzwa na mumewe kwa uongo wa jirani. Anatangatanga na binti yake, wanavuka mto, mashua inapinduka. Mkono wa mtoto ukaonekana juu ya maji, kisha shuka ikawa nyeupe.

"Imekwisha," akasema Mhindi.

"Imekwishaje? Mutoto iko majini!" wanawake wakapiga kelele.

"Ukanda wa mwisho uliloa ziwani, ukaharibika. Hata mimi sijauona."

Mke wangu alikuwa amekwisha kupoteza mimba moja. Tulipofika nyumbani aliweka nadhiri kwamba atafunga kila siku mpaka ajue yule mtoto ameokoka.

"Akizama yule, na wangu hatabaki," alisema.

Nilimkumbusha niliyofundishwa katika chuo cha Kurani, kwamba mjamzito anaweza kula hata Ramadhani.

"Hiyo ni ruhusa, bwana. Hii ni ahadi yangu na Mungu."

Mwalimu wetu wa dini, ambaye mke wangu angemsikiliza, alikuwa Ujiji. Siku ya tisa mke wangu alianguka akichota maji. Nikamwacha na mama yangu, nikamfuata Mhindi, aliyekuwa ameelekea mji wa Kabonga.

"Jamani, mutu muzima anakwenda kumutafuta mutoto wa kivuli!" jirani akanicheka.

"Akimupata amulete, tumupikie!" akadakia mwingine.

Nilitembea siku mbili kando ya ziwa, na kila nilipokula nilikumbuka kwamba mke wangu hali. Mhindi alinisikiliza, naye akacheka.

"Yule hakuzama, bwana. Wanaigiza."

"Mke wangu hatakubali maneno matupu."

Akafungua sanduku lake. Alikuwa na picha nyingine, ya baadaye, ya mtoto yuleyule. Akanyoosha ukanda juani nikamwona, mdogo kama punje ya mchele, nywele zilezile, anacheka na meno ya mbele yameng'oka. Nilimsihi mpaka akanikatia kipande kilichokuwa kimepasuka.

Njiani kurudi nilikutana na watu waliotoka Rumonge. Niliwaamkia amahoro nikapita haraka, nikiogopa kuuliza habari za nyumbani.

Nilimkuta hai, amelala mkekani, midomo imekauka. Mama alimwinua, nami nikamshikia kile kipande mbele ya jua. Alitazama mpaka machozi yakamtoka.

"Ana pengo, na siku ile alikuwa na meno yote," akasema.

"Ndiyo."

"Basi amekua."

Hata hivyo alingoja magharibi, akafuturu kwa uji na mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchemsha. Kesho yake alikula mchana, mimi nikimtazama kila tonge. Mungu alimfikisha salama, akajifungua binti.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie wale unaowahofia, na akufikishie habari zao njema kabla moyo wako haujachoka.