Fomu Zilizoishia Katelembo

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nashusha pumzi. Jana uliniomba ile code ya fomu, yale maandishi yanayoiendesha kwenye tovuti, ukiwa mbiombio, ukitaka nikutumie tu kwa simu uondoke. Nitakupa, usinikunjie uso. Lakini kaa kwanza nikuambie ilivyonitoa jasho.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano, natengeneza tovuti katika chumba kimoja juu ya duka la mbegu hapa Machakos mjini. Tulikuwa watu saba wa kazi hiyo, na tulikuwa na mwethya wetu. Mwethya unaujua: mama zetu walivyokuwa wakienda pamoja kuchimba matuta, leo shamba la huyu, kesho la yule. Sisi tulikutana Jumamosi, kila mtu na kipande cha code kilichomfaa wiki hiyo, tukakiweka kwenye folda moja ya wote. Sharti lilikuwa moja tu. Ukichukua cha mwenzako umwambie, mkae pamoja akueleze mstari kwa mstari. Aliyeleta sharti hilo ni Mzee Kioko, mwalimu mstaafu aliyejifunza kompyuta akiwa tayari na mvi.

Mimi nikaona hayo ni mambo ya kizee. Chuo kimoja cha ufundi kilinipa kazi ya fomu ya kuomba nafasi kwenye tovuti yao, mara yao ya kwanza kuacha karatasi. Nikaingia kwenye folda, nikachukua fomu ambayo Mzee Kioko alilitengenezea kanisa lake, kimya kimya, nikabadilisha rangi na jina. Kwa nini sikumwambia? Kiburi, mwanangu, sina neno lingine. Nilikuwa nimejisifu mbele ya wenzangu kwamba fomu hiyo naiandika mwenyewe. Nikaijaribu mara moja, ikaniandikia, "Asante, ombi lako limepokelewa." Basi nikafunga laptop nikaenda zangu kunywa chai.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa hiyo asubuhi mwalimu mkuu wa chuo akanipigia. "Nduku, leo saa nane nafunga orodha. Mbona sina hata jina moja?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Kisha nikamkumbuka Mumbua, binti wa jirani yetu, aliyekaa nyumbani mwaka mzima bila shughuli. Aliijaza fomu ile kwa simu ya mama yake, mimi nikimwangalia. Alitaka kusomea umakanika, na alikuwa ameshaomba ovaroli ya mjomba wake akaipunguza mikono. Asipokuwa kwenye orodha, angengoja mwaka mwingine, yeye na wenzake wote.

Nikafungua code. Pale panapoandikwa maombi yatumwe kwa nani, palikuwa na anwani ya barua pepe ya Mzee Kioko. Mstari huo sikuwahi kuusoma. Majina yote ya watoto wa watu nilikuwa nayapeleka kwake.

Kumpigia, simu imezimwa. Nikashuka ngazi mbio, nikapanda bodaboda mpaka kwake Katelembo, nikamkuta akifunga waya kwenye banda la kuku. Nilimwambia yote, hata ile ya kujisifu. Hakunigombeza. Alinawa mikono polepole, nami nataka kulia kwa upole huo, akaenda ndani akaleta laptop yake.

"Hii anwani ni ya zamani," akasema. "Siku hizi siifungui."

Akaifungua. Hakuna kitu. Aiya! Nilikaa chini palepale kwenye vumbi na sketi yangu ya kazini.

"Inuka, bado," akasema. Akabonyeza pale zinapotupwa barua za matapeli, na zikaanza kushuka, moja chini ya nyingine. Akavaa miwani akasoma: Mutua, Ndinda, Wambua. Na Mumbua! Nilimkumbatia mzee wa watu mpaka miwani ikaanguka.

"Barua za huku hujifuta zenyewe baada ya mwezi," akaniambia, akiipangusa miwani. "Ungenificha wiki moja zaidi, hata mimi singekuwa na la kukusaidia. Nduku, hiyo code niliiweka pale iwe yenu. Huo mstari ningekuonyesha kwa dakika mbili, tukinywa uji. Ulinionea haya ya nini?"

Nikamwomba radhi. Tukamtumia mwalimu mkuu majina kabla ya saa saba. Nikirudi mjini nilikuwa nacheka peke yangu, mpaka mwenye pikipiki akageuka kuniuliza kama niko sawa. Jumamosi nikasimama mbele ya wenzangu nikasema nilichofanya, wakanicheka mwezi mzima. Leo Mumbua ana gereji yake, ndiye anayenitengenezea gari, na hajui kabisa kwamba alilala wiki tatu kwenye takataka.

Sasa code yako hii hapa. Mahali pa anwani nimepaacha wazi makusudi, na usipopajaza itakataa kufanya kazi. Anwani na nywila usiziandike ndani ya code yenyewe, ziwekee faili yake. Ile "Asante" ya kwenye skrini usiiamini hata kidogo. Jaza fomu kwa jina lako mwenyewe, kisha mpigie anayepaswa kuipokea umwulize kama ameiona. Ukimpa mtu mwingine, mwandikie juu kabisa umeitoa kwa nani na abadilishe wapi. Na usichokijua, uliza. Mimi kuuliza kungeniaibisha dakika mbili. Kunyamaza kwangu kulikaribia kumkosesha Mumbua ovaroli yake.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wa kumwuliza, na akupe moyo wa kuuliza, na kila unachokituma kiwafikie wenyewe. Haya, vuta kiti. Tuanze na mstari wa kwanza.