Jinsi Nilivyookoa Santuri za Pili

Harufu ile ilinikamata Karatina wiki jana, kwenye kibanda cha mitumba nilikosimama kukwepa mvua: ukungu, mafuta ya taa, na kadibodi iliyolowa ikakauka mara nyingi. Muuzaji alikuwa na santuri mbili chini ya makoti. Niliinama nikazinusa kama mbuzi anavyonusa chumvi, naye akaniuliza kama mimi ni mzima. Nilikuwa mzima. Ni vile tu nilikuwa nimerudi kwetu Endarasha, nina miaka tisa, na ninakaribia kuondolewa nyumbani kwa sababu ya muziki.

Baba alizipata santuri zetu mnadani, mzungu mmoja alipouza shamba. Baba mwenyewe alitaka toroli tu. Toroli likauzwa pamoja na vilivyokuwa ndani yake, yaani gramafoni na santuri sita za bendi tatu, kila bendi santuri yake ya kwanza na ya pili. Majina yao yalitushinda, kwa hiyo tuliwaita kwa picha za majalada: bendi ya Ngazi, bendi ya Bata, na bendi ya Mzee Asiye na Macho. Wimbo mmoja uliweza kujaza upande mzima. Mama alibandika viazi wimbo ukianza, na vikiiva mpiga kinanda bado hajachoka. Bwana Jayanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, alitueleza kwamba hiyo inaitwa roki ya maendeleo. Tangu siku hiyo baba aliiheshimu sana, akidhani serikali ina mkono.

Sindano ya gramafoni ilikuwa mali ya Jayanti. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulimkuta getini, sindano imo ndani ya kiberiti, imezungushiwa pamba. Yeye na baba wakasikiliza, wakagombana.

"Ya kwanza ndio iko na moyo," baba alisema. "Hawa vijana walikuwa na njaa. Sikia hiyo ngoma, inakimbia kama mtu amechelewa kupeleka maziwa. Ya pili wameshiba, wanaringa tu."

"Baba Wanjiru, sikio yako iko na nta," Jayanti alijibu. "Ya kwanza wametia kila kitu kwa sufuria mpaka kifuniko. Ya pili sasa wanajua kupika."

"Wanapika nini? Dakika kumi ni filimbi!"

"Si ungoje iive?"

Ugomvi huo ulinikata maini, na sababu ni hii. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili la mama yake mama. Dada yangu Wanjiru alikuwa basi mama yake baba, na baba alimwita "mama", akamtania, akambeba mabegani. Mimi, Wangechi, nilikuwa mama mkwe wake. Mama mkwe hataniwi, sembuse kubebwa mabegani. Baba alinisalimia kwa adabu na kunipisha mlangoni, na nikivunja kikombe alikohoa akatoka nje. Mimi niliona ubaridi tu. Na kwa kuwa hakuna aliyeniambia vinginevyo, niliamini bendi nazo hufuata desturi hiyo: santuri ya kwanza ni ya upande wa baba, ya pili ya upande wa mama. Ndiyo maana baba alizishika za pili kwa mikono miwili, na hakuzipenda.

Kisha Jayanti akatangaza kwamba anahamia Nairobi kwa mwanawe. Wakapatana: ataacha sindano, atachukua santuri tatu za pili. Baba alikubali upesi mno. Wiki hiyohiyo nikamsikia mama akisema shosho wa Mwea, yaani bibi mzaa mama, amebaki peke yake, na pengine mimi, mwenye jina lake, niende nikasomee huko. Nikaunganisha mambo. Vya pili vyote vinaondoka.

Jumamosi, wote wakiwa shambani, nilifungua sanduku. Karatasi za katikati ya santuri zilikuwa zimebanduka zamani kwa unyevu, kwa hiyo jalada ndilo lililokuwa kitambulisho pekee. Nikabadilisha majalada ya zote sita, ya kwanza kwa ya pili.

Jumapili ya kuagana, baba akaweka santuri ya kwanza ya Ngazi, ambayo sasa ilikuwa ya pili. Mimi nilikuwa chini ya meza. Badala ya ngoma kukimbia, kinanda kiliingia polepole kama ukungu ukishuka Nyandarua. Halafu katikati sindano ikaruka mara tatu, palepale nilipokuwa nimeikwaruza santuri ya pili kwa kijiko wakati wa Pasaka. Nikafumba macho.

"Unasikia?" baba akapaza sauti. "Ndio hiyo moyo! Ya kwanza ni ya kwanza!"

Jayanti aliitazama gramafoni, akamtazama baba, akainama akanitazama mimi.

"Leo umeshinda, Baba Wanjiru," akasema. "Hata mimi nasikia."

Akafunga majalada yake matatu kwa kamba, akamaliza chai, akaenda. Kesho yake baba alimwambia mama kwamba barabara ya Mwea imeharibiwa na mvua. Ilikuwa kiangazi. Sikuenda.

Kwa miaka mingi nilijiona mjanja. Niliacha shule mapema, nikazunguka Murang'a, Nanyuki, hata Mwea kwenyewe, na kila nilikokosa kazi nilijiliwaza kwamba niliwahi kuwadanganya wazee wawili kwa mpigo. Basi wiki jana nilizinunua zile santuri za Karatina nikampelekea baba, na hatimaye nikaungama. Alicheka mpaka akashika meno yake ya bandia.

"Si huo mkwaruzo uliweka wewe na kijiko? Mimi nilikuona. Na Jayanti alijua kabla yangu."

"Sasa mbona ulisema iko na moyo?"

"Ulitaka niseme nini? Mtoto ako chini ya meza anatetemeka mpaka vikombe vinalia. Na tangu lini mtu akafukuza mama mkwe kwa nyumba yake?"

Nilikuwa nimehesabu kila mara Wanjiru alipobebwa mabegani, lakini sikuwahi kuhesabu milango niliyopishwa.

Baba akachukua santuri moja kwa mikono miwili, akainusa, akaniuliza kama ni ya kwanza au ya pili. Nikamwambia sijui.

"Haidhuru," akasema. "Tutaisikiliza. Lakini kwanza bandika viazi."