Nimebanwa na pumu, mama mkwe kaleta ubani

Leo nilijua nakufa, jamani, tena mikononi mwa mtu anayenipenda.

Tulikuwa uani hapa Mtambile, mimi na mama mkwe, tunaanua karafuu. Vumbi likaniingia, pumu ikanibana. Nikanyoosha kidole kuelekea chumbani, iliko pampu yangu ya kuvuta dawa. Sauti haitoki.

"Yarabi, mwanangu kapandwa na shetani!"

Akaja mbio na chetezo. Moshi wa ubani wote usoni mwangu! Natikisa kichwa, yeye ndiyo kwanza anazidi kunifukiza.

Nikakipiga teke chetezo, nikatambaa hadi kwenye pampu.

Pumzi iliporudi nikamwambia, "Mama, hii ni pumu."

"Majini ndivyo yanavyosema."

Sasa nimejilaza chumbani. Chetezo kakiweka mlangoni, jini lisirudi. Moshi nauona unaingia.

Mlio karibu, njooni mumwambie nyinyi.