Kulala kwa Zamu Hadi Peru

Ndevu za mume wangu ndizo zilizotupeleka Meksiko. Najua inavyosikika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jumapili moja ya Januari, baada ya ibada ya Kiswahili, mama mmoja Mkongo aliyezoea kuketi nyuma yangu aliniuliza mume wangu amenyoa ndevu lini, maana alimwona dukani akamdhani mtu mwingine. Nikacheka, nikamjibu juzi juzi tu. Uongo mtupu. Sikujua kama amenyoa. Nilikuwa naishi na mtu huyo nyumba moja pale Crystal, Minnesota, nalala naye kitanda kimoja, na sikujua kwamba uso wake umebadilika.

Sasa nieleze tulivyokuwa tunaishi. Mimi nilifanya kazi maabara ya hospitali, mchana. Yeye alikuwa muuguzi kwenye nyumba ya wazee kule Bloomington, akipiga dabo: anaingia alasiri kabla sijatoka kazini, anaunganisha zamu ya usiku, anarudi alfajiri wakati mimi navaa viatu. Tulianza hivyo nilipokuwa nasoma. Masomo yakaisha, mazoea yakabaki. Hata wikiendi, Jumamosi niko kazini mimi, Jumapili yuko kazini yeye. Tulikutana mlangoni. Kabla hajaingia ndani alikuwa analiwasha gari langu na kukwangua barafu kiooni, nikiketi nikute joto. Mimi nilikuwa namwachia wali na maharage kwenye hotpoti. Yeye anasema gari limepata joto, mimi nasema chakula kiko mezani, basi, maongezi yetu ya siku nzima yamekwisha. Watu kanisani walitusifu kwamba hatugombani. Tungegombana saa ngapi?

Asubuhi iliyofuata nilimsubiri nimeketi sebuleni na koti langu. Akaingia. Kweli, amenyoa. Nikaliona kovu dogo kwenye kidevu ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa, nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo sijui nilikuwa namkasirikia nani.

"Tuachane, au tuondoke pamoja," nilimwambia. "Hivi siwezi tena."

Akaketi sakafuni palepale kwenye viatu, theluji ikimyeyukia miguuni. Nilidhani atajitetea. Akauliza tu tuondoke twende wapi. Hilo sikuwa nimelifikiria, nakwambia ukweli. Nyumbani Tanga kusingefaa. Nyumbani tungegawanywa siku ya kwanza, yeye barazani na wajomba, mimi jikoni na mashangazi, mpaka siku ya kurudi. Ndipo akasema Meksiko. Halafu Gwatemala, halafu twende tukishuka kusini kwa mabasi mpaka Peru, na mabegi mgongoni. Nikasema huyu usingizi umempanda kichwani.

Kumbe mwenzangu alikuwa na siri. Jumamosi moja niliomba ruhusa kazini tukaenda mtaa wa Lake Street kununua mabegi, na tukiwa pale tukaingia duka la Wameksiko kula. Mume wangu akamwegemea muuzaji kwenye kaunta akaanza kumwaga Kihispania. Si salamu tu. Anataniana, anauliza habari za mtoto wa yule mama, anacheka mahali pa kucheka. Nilisimama na sahani yangu mdomo wazi. Alikuwa amejifunza kwa wenzake wa zamu ya usiku, wanawake wa Meksiko na Ekuado, wazee wakishalala. Miaka mingi, na mimi sina habari! Nikaona wivu, nikaona raha, vyote kwa pamoja. Nikamwambia lazima anifundishe, na asinifiche neno hata moja. Akaanza siku hiyohiyo, na irabu zao ni zetu zilezile, a ni a, e ni e. Meza wanaiita mesa. Nikasema haya, lugha yenyewe inanitaka.

Tulipanga kuondoka vuli, yeye aache kazi, mimi niombe likizo ndefu. Mazoezi tuliyafanya ndani ya lile jengo kubwa la maduka la Bloomington, maana nje barafu ingetuvunja miguu. Asubuhi za siku tulizoomba ruhusa, kabla maduka hayajafunguliwa, tulizunguka ghorofa zote na mabegi yaliyojaa mifuko ya mchele, pamoja na wazee wa Kizungu wanaotembea kwa ajili ya moyo. Mlinzi mmoja alitufuata mzunguko mzima, akashindwa kujizuia, akauliza tumebeba nini. Nikamfungulia begi. Aliutazama ule mchele muda mrefu kisha akatutakia siku njema.

Kuaga ndiko kulikokuwa na kazi. Mama yangu aliuliza kwenye simu tuna ndugu gani huko. Nikasema hatuna. Sasa mnakwenda kwa nani? Kwake safari ni kwenda kwa mtu. Sikuweza kumwambia kwamba nakwenda kwa mume wangu, kumtazama kama yupo, na nisipomwona nitarudi peke yangu. Kanisani walituombea, lakini yule mama Mkongo wa ndevu alinishika mkono mlangoni, akayatazama mabegi yetu kwenye picha ya simu.

"Siye tulitembea na mizigo ku kichwa, mwanangu," alisema, "na hakuna mutu alituambia ile ni vakansi."

Vakansi kwao ndiyo likizo. Akacheka yeye, nikapata ruhusa ya kucheka mimi. Siku ya kuondoka alituletea sambusa za njiani, nyingi kuliko nguo tulizobeba.

Jamani, Meksiko! Nilikuwa kama mtu aliyetolewa kwenye friji. Nilivua soksi na sikuzivaa tena kwa majuma. Sokoni Oaxaca nilipewa bakuli la mahindi meupe yaliyopikwa na nyama mpaka yakapasuka, nikaonja, nikapiga meza. Ni makande! Wamejaza pilipili na figili juu yake, lakini makande ni makande. Nikala mabakuli mawili, mume wangu akamweleza mama mpishi kwamba mke wake amefika kwao. Gwatemala tulipanda mlima wa volkano, nikautukana kuanzia chini hadi juu, na tulipofika kileleni na kuona mlima wa pili unatema moto ng'ambo, nikausamehe. Kolombia, tulikofika kwa ndege kutoka Gwatemala, kwenye mji wa pwani, nilikutana na wanawake weusi, mashangazi zangu wa Tanga kabisa: nyonga zilezile, namna ileile ya kuweka mkono kiunoni ukitaka kumkatalia mtu bei. Mume wangu alijisahau akamwamkia bibi mmoja shikamoo. Yule bibi hakuelewa hata chembe, lakini alimshika mkono akamjibu kwa Kihispania kirefu, wakaenda nacho hadi mwisho wa mtaa.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Kila asubuhi niliamka na hamu kama ya mtoto siku ya Krismasi. Lakini kulikuwa na kitu kinanisumbua, na sikukijua mpaka Ekuado.

Tulikuwa kwenye basi, mchana, tunashuka kutoka milimani. Nikamwambia ule mlima wa asubuhi, wenye theluji kama kofia, sitausahau. Akauliza mlima upi. Alikuwa amelala. Akasema yeye hatalisahau lile ziwa la kijani tulilolipita baadaye, na mbuzi weupe ukingoni. Ziwa gani? Nilikuwa nimelala mimi. Nikaanza kurudi nyuma kichwani. Ile njia ya pwani ya Meksiko, aliiona yeye. Mashamba ya kahawa ya Kolombia, niliyaona mimi. Tangu siku ya kwanza, kila tulipopanda basi, mmoja alisema lala, mimi nalinda mabegi, na mwingine akalala. Kisha tukabadilishana. Hakuna aliyetufundisha. Hatukupanga hata.

Nikamgeukia.

"Tumevuka nchi nne," nikamwambia, "na bado tuna zamu!"

Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, na basi zima likageuka. Mama mmoja mwenye kofia nyeusi akamfunika kuku wake kwa shali. Nikaendelea. Nikamwambia kwamba tumebeba Bloomington mgongoni, kwamba ningetaka mlinzi ningemchukua yule wa jengo la maduka, kwamba mimi narudi Crystal kesho na yeye aendelee na ziwa lake. Nikalia. Kwa hasira, lakini nililia.

Basi likasimama kituoni, watu wakashuka kununua ndizi za kukaanga. Sisi tukabaki kwenye viti. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nimezoea kukutunza ukiwa umelala," alisema. "Ukiwa macho, sijui nifanye nini."

Nimekulia kati ya wanaume wenye maneno matamu, baba yangu alikuwa mmoja wao, na sijawahi kusikia neno lililonishika kifuani kama lile. Hasira yote ikaniishia. Maana mimi pia sikujua. Ile hotpoti ya wali ilikuwa barua yangu, na nilikuwa namwandikia mtu asiyekuwepo. Nikamwambia, basi tukae macho wote wawili tuone itakuwaje. Akaniambia na tukilala? Nikasema tulale wote, na mabegi Mungu anayaona.

Mungu aliyaona, na mwizi pia. Tukiwa tumevuka mpaka kuingia Peru tulilala sote, kichwa changu begani kwake, kichwa chake juu ya changu, wala hatukusikia kitu. Tulipoamka, begi dogo lililokuwa miguuni halipo. Ndani yake mlikuwa na soksi zetu zote, dawa ya mbu, na ile chai ya tangawizi niliyoibana tangu Minnesota. Tukatazamana. Nikamwona anajitahidi kukunja uso kama mtu aliyepatwa na hasara, akashindwa, nami nikashindwa, tukacheka mpaka kondakta akaja kuuliza kama tunaumwa. Nje ya dirisha ilikuwa jangwa tu, mchanga na bahari, kilomita na kilomita, hakuna cha maana cha kuonyesha mtu. Tulilitazama lote.

Peru tulikaa hadi pesa na likizo yangu vikakaribia kwisha. Tuligombana sana huko: juu ya ramani, juu ya anayekoroma, juu ya njia ya mkato ambayo haikuwa ya mkato. Nilikuwa na mume wa kugombana naye, jamani, mchana kweupe. Aliziachia ndevu zikaota tena na mimi niliziona zinavyoota, kwanza kwenye kidevu kuzunguka kovu, kisha mashavuni.

Tulirudi Februari. Nyumba ya Crystal ilikuwa inanuka vumbi la hita, na mabegi yalikuwa bado mlangoni simu ilipolia. Alikuwa msimamizi wake wa zamani kule Bloomington. Nafasi yake ya usiku iko wazi, wazee wanamuulizia, anaweza kuanza wiki hii. Mume wangu alikuwa amesimama jikoni, mimi naosha mchele. Nilifunga bomba ili nisikie, kwa sababu hakukuwa na kazi nyingine inayomngojea, na nilijua kukataa si tabia yake.

Alishukuru kwanza, kwa adabu, kama anavyoshukuru kila mtu. Kisha akasema, "Mke wangu analala usiku. Na mimi nalala usiku."

Akakata simu, akaja kuniuliza mchele ni wa watu wangapi.

Ilichukua majuma kabla hajapata kazi ya mchana, na ilikuwa mbali, kule Blaine. Gari lake tulikuwa tumeliuza kwa ajili ya safari, kwa hiyo tukawa tunaondoka pamoja, ananishusha hospitalini kisha anaendelea kaskazini. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na ile baridi ya kukausha pua. Nilifungua mlango wa gari nikaketi bila kufikiri, kama miaka yote, nikaruka. Kiti kilikuwa barafu. Kioo kilikuwa cheupe. Hakukuwa na mtu aliyekuja mapema kuniwashia gari, maana mtu huyo alikuwa amelala nami mpaka saa ilipolia, na sasa alikuwa ameketi pembeni yangu anatetemeka na kikwangulio mkononi, akiniuliza ni nani atatoka nje kukwangua.

Tulitoka wote.