Kompyuta ya Kipande Kimoja

Fundi wa kompyuta huongea taratibu huku akigeuzageuza bisibisi katika vidole vyake vyembamba, na kabla ya kujibu swali lolote hupuliza vumbi mezani, hata kama meza haina vumbi. Mteja akiulizia zile kompyuta za kipande kimoja, ambazo mashine yote imefichwa nyuma ya kioo, yeye hukunja uso. "Hiyo ni hasara iliyopambwa," husema. "Kioo kikifa, umezika mwili mzima. Afadhali nikuundie yenye kasha lake na kioo chake. Kifaa kikiharibika tunabadilisha hicho hicho, maisha yanaendelea."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema vingine, mpaka alipoingia mama mmoja mchapaji, aliyekuwa ametoka kuugua kiharusi na sasa alitaka kurudi kazini. Mama alimsikiliza, akakubali kuundiwa. Fundi akamwomba ajaribu kuchomeka nyaya mwenyewe kwenye kasha la mfano. Mama akasukuma waya kwa mkono wa kulia, na kasha likateleza nyuma. Mkono wa kushoto ulikaa tu mapajani. Akajaribu tena, likateleza tena. Fundi alimtazama bila kumsaidia, kisha akashusha rafuni kompyuta ya kipande kimoja.

"Chukua hii, mama. Ina waya mmoja tu."

"Si umesema ni hasara?"

"Kwa mwenye mikono miwili. Wewe unao mmoja."

Mama akamkodolea macho, halafu akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Nyumbani, tangu augue, hakuna aliyethubutu kuutaja ule mkono.